Mwalimu Nyerere, mambo ya nje na ulinzi wa taifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila Oktoba 14 inapokaribia, na kila kijana anapoketi na mzee aliyepita JKT enzi zile. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Nitangulize mizani ninayotumia: msimamo wa kiongozi naupima kwa kile alichokubali kukipoteza kwa ajili yake. Ndiyo maana gharama zinatajwa sana hapa chini, zikiwamo zile walizolipa watu ambao hawakuulizwa.

## Misingi

1. Kwa kifupi, Mwalimu alisimamia nini katika mambo ya nje?

Alisimamia mambo matatu. Kwanza, uhuru wa Tanganyika ni nusu ya kazi iwapo Msumbiji, Angola, Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini bado ziko chini ya wachache. Pili, nchi changa isichaguliwe marafiki wala maadui. Tatu, Afrika iungane, ila kwa hatua. Hapo ndipo alipotofautiana na Kwame Nkrumah wa Ghana, aliyetaka serikali moja ya bara zima mara moja.

La kwanza ndilo lililokuwa zito. Lilipogongana na mengine, fedha za maendeleo zikiwamo, mengine ndiyo yaliyopisha njia (tazama swali la 4). Kuhusu umoja, mwaka 1960 alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziupate pamoja zikiwa shirikisho. Sijui viongozi wangapi wa leo wangekubali kuchelewesha hata uchaguzi wa kata.

2. Mwenge wa Uhuru unahusiana vipi na siasa ya nje?

Kwa asili yake mwenge ni tamko la siasa ya nje. Wazo lilitoka kwenye hotuba ya Mwalimu ya Oktoba 1959 katika Baraza la Kutunga Sheria, miaka miwili kabla ya uhuru, aliposema tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha kileleni. Mbio za kuzindua visima na zahanati zilikuja baadaye.

3. "Kutofungamana na upande wowote" maana yake nini, wakati kila mtu anajua alikuwa karibu na Wachina?

Maana yake haikuwa kukaa kimya katikati. Ilikuwa ni kuamua kila jambo kwa uzito wake, bila kumwuliza mkubwa yeyote. Ukaribu na China ulikuwa wa kweli (swali la 6), lakini mwaka 1968 majeshi ya Kisovieti yalipoingia Chekoslovakia, Tanzania ililaani wazi. Wakati huohuo shule zetu zilikuwa na walimu kutoka Ulaya Magharibi, na jeshi lilikuwa na wakufunzi wa Kanada.

## Kugombana na wakubwa

4. Kwa nini alivunja uhusiano na Uingereza mwaka 1965?

Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wakaazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi huo hadi Desemba 15, nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Tarehe ikafika. Wengi waliopiga kura ya ndiyo wakatafuta visingizio. Tanzania ilivunja, na wachache wengine, Ghana ikiwamo.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kubeba: ama maneno ya Afrika yana thamani, ama hayana. Bei yake ilikuwa mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza iliuzuia, kwa nchi iliyokuwa ikihesabu kila shilingi. Hata hivyo hakutoka Jumuiya ya Madola. Aliona ile ni mali ya wanachama wote, si ya London. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968, Smith akiwa bado anatawala. Anayetaka kusema kwamba hatua hiyo haikumng'oa Smith atakuwa amesema kweli.

5. Na Wajerumani Magharibi je?

Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964, Zanzibar ilikuwa tayari na ubalozi wa Ujerumani Mashariki. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sera ya kutovumilia nchi yoyote inayoitambua Berlin Mashariki. Mwalimu alijaribu njia ya kati: ubalozi ule ushushwe uwe konseli kuu Dar es Salaam, bila kuitambua rasmi serikali yake. Mapema 1965 Bonn ikaondoa ghafla wakufunzi wake wa kijeshi kama onyo. Mwalimu akajibu kwamba kama msaada ni kamba ya kumvutia, basi wauchukue wote uliobaki.

Ukisoma Azimio la Arusha la 1967, hasa sehemu ya kujitegemea, ujue halikuandikwa na mtu aliyekaa maktaba. Liliandikwa na mtu aliyekuwa ametoka kunyimwa fedha na Uingereza na kuvutwa sikio na Ujerumani, na aliyekuwa amewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, yote ndani ya mwaka mmoja.

6. Je, reli ya TAZARA ilikuwa njia ya Wachina kuingia Afrika?

Kwao ilikuwa na faida za kisiasa, hilo halikufichwa na mtu. Lakini anza na Zambia. Nchi ile haina bahari, na shaba yake ilipita Rhodesia na bandari za Wareno, yaani mikononi mwa watu ambao Rais Kenneth Kaunda alikuwa anawapinga. Wamagharibi, Benki ya Dunia ikiwamo, walisema reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa kibiashara. Wachina walikubali mwaka 1967. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba.

Kwa Mwalimu hii ilikuwa reli ya ulinzi kuliko ya biashara, na ndiyo maana iliitwa Reli ya Uhuru. Ukiipima kwa tani za mizigo peke yake utasema imeshindwa. Ukiipima kwa kumwondoa Kaunda kwenye kabari ya Smith, hesabu inabadilika. Wataalamu wa Kichina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto.

7. Kukataa masharti ya IMF ni suala la uchumi au la mambo ya nje?

Yeye aliliona ni suala la nani anatawala Tanzania. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi ya serikali yakatwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona hakuna njia nyingine, akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Mwalimu alishikilia hadi alipong'atuka mwaka 1985. Makubaliano yalitiwa saini 1986 chini ya Ali Hassan Mwinyi. Kipindi hicho cha katikati kinakumbukwa kwa foleni za sabuni na sukari. Sababu zake zilikuwa nyingi, bei ya mafuta na vita vikiwamo (swali la 15), lakini ukaidi ule ulikuwa mojawapo.

## Ukombozi wa kusini

8. Kwa nini wapigania uhuru walijaa Dar es Salaam?

Kwa sababu OAU ilipoanzishwa mwaka 1963 iliunda Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Hata kabla ya hapo, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeundwa mjini humo Juni 1962. Kongwa, Nachingwea na Bagamoyo zikawa na kambi. ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969, na baadaye ikapewa ardhi Mazimbu na Dakawa. Kuanzia 1972 hadi Kamati ilipofungwa 1994, katibu mtendaji wake alikuwa Mtanzania, Hashim Mbita, mwanajeshi aliyewahi kuwa mwandishi wa habari.

9. Basi alipenda mtutu?

Hapana, na ushahidi ni Manifesto ya Lusaka ya Aprili 1969, tamko la nchi huru za Afrika Mashariki na Kati kuhusu ukombozi wa kusini, ambayo Tanzania ilishiriki kuiandaa. Inasema waziwazi: tungependa kujadiliana kuliko kubomoa, kuzungumza kuliko kuua. Lakini mlango wa mazungumzo ukifungwa, hatuwezi kumwambia anayedhulumiwa aendelee kusubiri. Pretoria na Lisbon ziliufunga.

10. Tanzania ililipia vipi kuwapa hifadhi?

Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Vijiji vya mpakani mwa Mto Ruvuma vilionja mashambulizi ya Wareno. Wakulima wale hawakuwa na habari za Lusaka wala Lisbon.

Kuna gharama nyingine isiyozungumzwa sana. Kuwa mwenyeji wa vyama vya ukombozi kulimaanisha pia kulinda viongozi wao dhidi ya wapinzani wao wa ndani. Katikati ya miaka ya 1970, wanachama wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, waliohoji uongozi wao, akiwamo Andreas Shipanga, walitolewa Zambia wakaletwa kufungwa Tanzania bila kesi hadi 1978. Walikuwa wapigania uhuru, jela ikiwa ya nchi iliyowasha mwenge.

## Ulinzi wa ndani

11. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalimfundisha nini?

Karibu kila kitu alichofanya baadaye kuhusu jeshi. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakitaka mishahara bora na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu alifichwa, waziri wake Oscar Kambona ndiye aliyezungumza na waasi. Siku tano baadaye, makomando wa Uingereza walishuka kwa ombi la serikali yenyewe, wakazima maasi kwa saa chache.

Aibu ilikuwa kubwa: nchi huru yenye miaka miwili inamwita mkoloni aiokoe na jeshi lake. Mwalimu hakujaribu kuipamba. Aliita mkutano wa dharura wa mawaziri wa OAU Dar es Salaam akajieleza, na askari wa Nigeria wakaja kuchukua nafasi ya Waingereza. Kisha akalivunja jeshi lile lote. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na vijana wake wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa.

12. Kwa nini askari waliruhusiwa kuwa wanachama wa chama, na mgambo wakatapakaa kila mahali?

Kwa hofu ya mapinduzi. Kwa mawazo yake, askari asiyejua siasa ya nchi yake ni bunduki inayosubiri wa kuishika. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliandikwa wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Rais Milton Obote wa Uganda, na miezi michache baada ya Wareno kuishambulia Guinea. Humo ndimo wazo kwamba ulinzi ni wa umma wote liliposisitizwa. Mgambo walitokana na hapo.

Mfumo huu ulifaulu kwa kipimo kimoja: majaribio ya mapinduzi yalikuwapo, la Januari 1983 likiwamo, lakini hakuna lililopita. Ulishindwa kwa kipimo kingine, kwani ulifuta mpaka kati ya chama na jeshi, na mwaka 1992 vyama vingi viliporudi ilibidi mpaka huo uchorwe upya.

13. Vipi kuhusu watu kuwekwa kizuizini?

Sheria ya 1962 ilimpa Rais mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kesi kwa sababu za usalama. Aliitumia, dhidi ya wanasiasa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi kuwahamasisha wanawake kuingia TANU, alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972.

Doa jeusi kuliko yote ni la mwaka 1969: Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff, wanasiasa wa Zanzibar waliokuwa Bara, walikabidhiwa kwa serikali ya Karume Zanzibar. Waliuawa huko. Wapo wanaosema Mwalimu asingeweza kumkatalia Karume bila kuhatarisha Muungano. Huenda. Lakini hesabu hiyo ni ya kulinda nchi kwa shingo za watu wawili, na tuiite hivyo.

## Vita vya Kagera

14. Vita vilianzaje, na kwa nini hakusimama mpakani?

Mzizi wake ni Januari 1971. Mwalimu alikataa kumtambua Amin, akampa Obote hifadhi, na akakataa kuketi na Amin meza moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikabaki bila kikao cha marais. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutokea Tanzania, wakashindwa vibaya. Mapatano ya Mogadishu mwezi uliofuata yalizima moto bila kuondoa kuni.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka na kuteka eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800. Waliua, wakaiba ng'ombe, wakalipua daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba mpaka mpya ni mto. Novemba 2 Mwalimu akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nduli, kama Amin alivyoitwa, akaondolewa Kagera kabla mwaka haujaisha.

Kuhusu kutosimama: mwanzoni hakusema anakwenda Kampala. Majeshi yalivuka mapema 1979 kuteka Mutukula, kisha Masaka na Mbarara, kwa hoja kwamba Amin akiachwa atarudi. Mambo mawili yalisukuma mbele. OAU haikumlaani mvamizi. Ilimtaka kila mmoja atulie, kana kwamba mwenye nyumba na mwizi wanagombea kitanda. Na Muammar Gaddafi aliwaleta Walibya kumsaidia Amin. Ndege yao ilitumwa kulipua Mwanza, ikakosa shabaha na kudondosha mabomu kwenye hifadhi ya Kisiwa cha Saanane. Waliokufa ni swala. Walibya wenyewe walishindwa Lukaya. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, JWTZ wakiwa bega kwa bega na Waganda wa UNLF waliokuwa wameungana katika mkutano wa Moshi.

15. Nani alilipa?

Tanzania, karibu yote. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500 za Marekani. Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee hutania kwamba hawakuambiwa lini waifungue. Waliokufa wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera. JWTZ walibaki Uganda hadi 1981, na serikali waliyosaidia kuiweka ilibadilika mikono mara mbili kabla Obote hajarudi kwa uchaguzi uliozusha vita vingine.

16. Je, kumwondoa rais wa nchi nyingine si kinyume cha mkataba wa OAU?

Ndivyo walivyosema Jaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979. Mwalimu alishatoa jibu lake: walikuwapo wauaji wa kizungu kusini ambao Afrika iliwalaani, na muuaji mweusi Kampala ambaye Afrika ilimpa uenyekiti wa OAU mwaka 1975. Kisheria, hoja yao ilikuwa na miguu. Lakini sijawahi kukutana na Mganda wa Masaka anayetaka kuijadili.

## Maswali yenye utata

17. Alitetea mipaka ya kikoloni, kisha akaitambua Biafra. Si kujipinga?

Ni kujipinga. Mwaka 1964 mjini Cairo, Tanzania ndiyo iliyowasilisha azimio la kuheshimu mipaka tuliyoirithi. Aprili 13, 1968, siku aliyotimiza miaka 46, ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililokuwa limejitenga, na Nigeria ikavunja uhusiano. Alijitetea kwamba dola ipo kwa ajili ya watu wake. Waigbo waliouawa kaskazini mwaka 1966 hawakulindwa, kwa hiyo hawakuwa na deni la utii. Linganisha na jibu la 16: ni fikra ileile. Tofauti ni kwamba Kampala alikuwa na jeshi, Biafra alikuwa na karatasi tu. Biafra ilisalimu amri Januari 1970.

18. Kwa nini mgogoro na Malawi kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa haukuisha wakati wake?

Kwa sababu yeye mwenyewe alianza upande mmoja. Mwaka 1962 serikali yake ilikubali bungeni kwamba mpaka wa kikoloni ulipita ufukweni. Mwaka 1967 ikadai katikati ya ziwa. Rais wa Malawi, Hastings Banda, aliyekuwa akifungua ubalozi na Afrika Kusini ya makaburu mwaka huohuo, hakuwa mtu wa kupewa nafasi wala wa kuitoa. Suala lilibaki lilipo.

19. Alifunga mpaka na Kenya kwa miaka mingapi?

Zaidi ya sita: Februari 1977 hadi Novemba 1983. Jumuiya ilikuwa inavunjika, ndege na mabehewa yakigombaniwa, na Dar es Salaam ikaamini Nairobi imechukua zaidi ya fungu lake. Kwa mtu wa Namanga au Taveta, mwenye shangazi upande wa pili, huu ndio uamuzi wa mambo ya nje aliouhisi kuliko wote.

20. Msimamo wake kuhusu Palestina na Sahara Magharibi?

Alivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, nchi ambayo mwanzoni ilisaidia ushirika na mafunzo ya vijana, na PLO ikapewa ofisi Dar es Salaam. Sahara Magharibi aliitambua 1978. Kipimo ni kilekile cha swali la 1.

21. Alipinga mapinduzi ya Amin. Shelisheli je?

Hapa watetezi wake huwa wanageukia mada nyingine. Juni 5, 1977, Rais James Mancham akiwa London, wafuasi wa France-Albert René walichukua serikali. Baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo Tanzania, na askari wetu wakapelekwa visiwani baada ya hapo. Mwaka 1982 walisaidia kuzima maasi ya jeshi la huko, jambo lilelile ambalo makomando wa Uingereza walikuwa wamemfanyia yeye Colito.